Kibao cha Namba Kutoka Mwanga

Boti ya mbao haina mahali palipo bapa. Ubavu unapinda kuelekea omo, mbao zimeungana kwa kalafati, na kila kiungo kina kijibonde chake. Ndiyo maana fundi haanzi na brashi, anaanza na uzi. Anauburuza katika unga wa chaki ya buluu, anampa kijana wake ncha moja aishike karibu na omo, mwenyewe anashika nyingine hatua chache nyuma, wanauvuta mpaka unakaza, kisha anaunyanyua kwa vidole viwili na kuuachia. Unapiga ubao mara moja tu. Fundi anarudi nyuma mpaka maji ya Ziwa Tanganyika yanamfika vifundoni, anainama, anatazama kwa jicho moja, halafu anamwambia kijana afute. Mstari umenyooka kwa rula, lakini kwa macho ya mtu aliye majini unaonekana unashuka. Unapigwa upya, juu kidogo upande wa omo, na safari hii fundi anaridhika.

Hii ni kazi yake ya zamani, na kwa ajili yake ndiyo anajulikana Kibirizi, Katonga na Ujiji, hapa Kigoma. Boti ya ziwa hili huandikwa vitu viwili: jina na namba ya usajili. Jina ni la mwenye boti, naye ana haki ya kulitaka jekundu lenye kivuli cha njano, au limezungushiwa maua, au limeandikwa kwa herufi zilizolala kama zinakimbia. Namba ni ya serikali. Huandikwa wima, rangi moja, isomeke na ofisa aliyesimama gatini bila kulazimika kuuliza.

Nilipomtazama akiandika jina niliona jinsi anavyoanza na nguzo za herufi zote kabla ya kugusa mikunjo. Mkono wa kulia unaegemea fimbo fupi iliyofungwa kifundo cha kitambaa nchani, ili usiguse rangi mbichi. Brashi ni bapa, ya manyoya laini, na rangi ya mafuta ameipunguza kwa thina kiasi kwamba inateleza bila kuchuruzika. Anashusha mkono mara moja, bila kusita, na nywele za brashi anazigeuza kidogo mwishoni ili ncha ya mstari iwe kali. Penye kiungo cha ubao anakandamiza zaidi, rangi izame kwenye kijibonde. Herufi hazipewi nafasi sawa, nami nilichelewa kulitambua hilo. A na V anazisogeza karibu kwa sababu miteremko yake inaacha uwazi. H na I anazitenganisha kwa sababu nguzo zake zinasongana. Ukipima kwa rula utakuta hakuna pengo linalolingana na jingine. Ukitazama kwa macho, yote yanalingana.

Kwa hiyo mtu wa namna hii akiamua kuongeza kazi ya vibao vya namba za magari dukani mwake, mwingine anaweza kudhani amejishusha. Kibao cha namba hakina jina wala ua. Anayekitengeneza hatakiwi hata kujulikana.

Sababu ya kuongeza kazi hiyo iko ziwani. Dagaa na migebuka huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikitanda, taa haiwavuti samaki vizuri, na boti zinapumzika. Siku hizo ndizo za fundi, kwa kuwa boti iko nchi kavu na mwenye boti ana fedha za juzi mfukoni. Lakini mwaka 2024, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka Ziwa Tanganyika, Tanzania ilisimamisha uvuvi upande wake kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Boti zikajaa ufukweni, mbavu zikiwa wazi, zimekauka vizuri, tayari kwa rangi. Fedha ndizo hazikuwepo. Wakati huohuo, kwenye barabara inayoshuka kutoka Ujiji kupitia Mwanga hadi stesheni, bodaboda na bajaji hazikusimama hata siku moja, na kila moja ilihitaji kibao.

Duka lenyewe liko Mwanga, chumba kimoja chenye mlango wa bati. Ukutani kuna mabango ya zahanati, ya duka la dawa, ya mwalimu wa udereva. Upande wa kushoto kuna kompyuta na mashine ya kukatia stika. Upande wa kulia, pale palipokuwa na makopo ya rangi, sasa kuna meza ya chuma iliyofungwa sakafuni kwa nati nne. Juu yake kuna mashine ya kugandamiza inayotumia jeki, na pembeni yake rola mbili za kupasha moto. Makopo ya rangi yamehamishiwa uani.

Kazi inaanza na karatasi. Namba hutolewa na Mamlaka ya Mapato, TRA, na si kila mwenye mashine anaruhusiwa kuchapa kibao. Lazima awe amepewa kibali. Fundi anaichukua kadi ya gari, anaivuta karibu na dirisha, anaisoma kwa sauti, na kijana anaandika daftarini. Kisha kijana anasoma alichoandika, lakini anaanzia mwisho kurudi mwanzo, herufi moja moja, huku fundi akifuata kwa kidole kwenye kadi. Nilimuuliza kwa nini kinyumenyume. Akasema ukisoma kwa kwenda mbele, macho yanasoma unachokitarajia. Herufi tatu za mwisho kwenye namba za Tanzania Bara ndizo zinazomtia wasiwasi zaidi, kwa sababu zinafanana na zile za gari lililosajiliwa jana yake, na mkono unapenda kurudia ulichozoea. Gari linaanza na T, pikipiki na bajaji zinaanza na MC, kisha tarakimu tatu, kisha herufi tatu. Vibambo saba au vinane, na kosa moja tu kati yake linaligeuza gari kuwa la mtu mwingine.

Kisha rangi: njano kwa gari la mtu binafsi, nyeupe kwa la biashara. Hili nalo linaulizwa mara mbili.

Kibao chenyewe ni bati la alumini lenye unene wa kama milimita moja. Linakuja limekatwa tayari: refu la nusu mita na kidogo kwa mbele, na la karibu mraba kwa magari ambayo nafasi yake ya nyuma ni fupi. Pembe zimeviringwa. Fundi analipitisha kidole kuzunguka ukingo wote akitafuta chembe kali, na akiipata anaikwangua kwa tupa mara mbili tatu. Baadaye analifuta kwa kitambaa chenye spiriti, na kuanzia hapo halishiki tena usoni. Analishika kwa kingo, vidole vimetanuka.

Karatasi ya kuakisi mwanga ndiyo inayogharimu, na ndiyo inayoonyesha nani ni fundi. Ukiitazama mchana ni njano tu. Ndani yake kuna vishanga vya kioo vidogo kuliko macho yanavyoweza kuona, vimepangwa chini ya ngozi ya plastiki, na kila kishanga kinapokea mwanga wa taa na kuurudisha ulikotoka. Nyuma yake kuna gundi iliyofunikwa kwa karatasi laini. Chembe moja ya vumbi ikiingia kati ya gundi na bati itaonekana maisha yote ya gari hilo. Na Mwanga wakati wa kiangazi haina upungufu wa vumbi. Kwa hiyo mlango unafungwa, feni inazimwa hata kama joto ni kali, na kijana ananyunyiza maji sakafuni. Wanasubiri. Ni kipindi kirefu cha kutofanya lolote, na wateja wengi hudhani fundi amelala.

Vumbi likitulia, anabandua ukingo wa karatasi laini kwa ukucha, upana wa kidole tu, anaulaza ule ukingo wa gundi kwenye ukingo wa bati, na kuukandamiza kwa kikwanguo cha plastiki kilichovikwa kitambaa. Hapo ndipo mikono miwili inagawana kazi. Wa kushoto unavuta karatasi laini kutoka chini, taratibu. Wa kulia unafuata na kikwanguo kutoka katikati kwenda pembeni, katikati kwenda pembeni, ili hewa iwe na mahali pa kutokea. Mwendo haubadiliki. Kelele za nje hazimgeuzi kichwa. Akifika mwisho anakata ziada kwa wembe akifuata ukingo wa bati, na wembe huo anautupa baada ya vibao vichache, ingawa mimi ningeutumia wiki nzima.

Kalibu za herufi zimo ndani ya trei ya mbao aliyoitengeneza mwenyewe, kila moja kwenye kichumba chake. Zinakwenda mbili mbili: ya juu imejitokeza, ya chini imebonyea, na zikikutana na bati katikati, bati linanyanyuka na kuwa herufi. Anazipanga kwenye reli ya chuma, anazibana kwa kabari, anapitisha kidole juu yake kama anayesoma kwa kugusa. Hapa mwandishi wa boti anakutana na mtihani wake. Kalibu zote zina upana mmoja. Tarakimu 1, ambayo ni nguzo moja tu, imepewa nafasi ileile ya 8. Kwa hiyo namba yenye 1 katikati inabaki na uwazi pande zote mbili, uwazi ambao kwenye ubavu wa boti angeuziba bila kufikiri. Niliwahi kumwona akiitazama reli yenye 1 mbili zinazofuatana, kidole gumba kikiwa juu ya kalibu, kinataka kusukuma. Hakusukuma. Akakaza kabari na kusema tu, "Hii si yangu."

Nilidhani anazungumzia gari. Alikuwa anaizungumzia herufi. Kibao cha Kigoma na kibao cha Mtwara lazima visomwe na jicho lilelile kwa mwendo uleule, na askari aliyesimama usiku kizuizini hana muda wa kuzoea mwandiko wa mtu. Mwaka 1893 polisi wa Paris walipoagiza magari yabebe vibao, walitaka viwe pia na jina na anwani ya mwenye gari. Leo gari limebaki na namba peke yake, na kila mtu anaisoma. Nadhani hakuna maandishi yanayosomwa zaidi Tanzania kuliko haya. Vijana wetu huyasoma hata kupita kiasi: gari ni "namba C", "namba D", "namba E", na kwa herufi hiyo moja wanajua limeingia nchini lini, na wanakisia mwenyewe ana uwezo gani.

Kabla ya kibao halisi anachapa kipande cha bati bovu. Anakipeleka dirishani, anakilaza ili mwanga upite juu yake, anatafuta herufi iliyonyanyuka kidogo kuliko wenzake. Akiipata, anaweka kipande cha karatasi chini ya kalibu yake na kuchapa tena. Ndipo anaingiza lile bati lenye uso wa njano, analisukuma mpaka liguse vizuizi viwili, na kuanza kupampu mpini wa jeki. Hapampu kwa nguvu. Mwanzoni mpini ni mwepesi, halafu unagoma; unapogoma naye anatulia, anahesabu kimya midomo ikicheza, anaongeza robo ya pampu, na kuachia. Ukizidisha, ngozi ya plastiki inapasuka kwenye kona za herufi na maji ya mvua yataingilia hapo. Ukipunguza, herufi inakosa mabega na wino hautajua pa kuishia.

Kibao kikitoka kina herufi zilizonyanyuka lakini bado njano juu ya njano. Kazi ya mwisho ni ya rola. Zinapashwa moto mpaka mshale wa kipimo unapofika alama aliyoichora kwa wino mwekundu, kisha kibao kinapitishwa katikati pamoja na utepe wenye wino mkavu mweusi. Joto na mgandamizo vinahamisha wino kwenye sehemu zilizonyanyuka peke yake. Anageuza mkono wa mashine kwa mwendo mmoja. Akisita hata kidogo, mstari wa kusita utabaki umechapwa. Upande wa pili kibao kinatoka kimekamilika, cheusi juu ya njano, na utepe unabaki na matundu yenye umbo la namba. Utepe huo anauviringisha na kuuchoma jioni, kwa sababu nao unasomeka.

Siku moja umeme ulikatika baada ya jeki na kabla ya rola. Mteja, dereva wa gari la mizigo aliyetaka kuondoka kwenda Kasulu kabla ya giza, alikitazama kibao kile chenye herufi tupu, akatazama makopo ya rangi uani, akatazama na boti iliyochorwa kwenye bango la mlangoni.

"Mzee wangu, si unipakie tu kwa brashi? Mkono wako naujua."

Angeweza. Rangi nyeusi ipo, brashi ipo, na sidhani kama kuna mkono mwingine Kigoma ambao ungefuata ukingo wa herufi zile bila kutoka nje hata unywele. Fundi alivuta benchi, akamkaribisha dereva aketi, akamtuma kijana kuleta chai. Umeme ulirudi jua likiwa limekwisha kuelekea milima ya Kongo. Rola zikachukua muda wao kupata moto. Dereva aliondoka usiku.

Vibao vyote, hata vile vya wateja wenye haraka, vinakaguliwa kwa tochi. Mlango unafungwa tena, taa inazimwa, kibao kinasimamishwa mwisho wa chumba. Fundi anaishika tochi kando ya jicho lake, kwenye shavu, kwa sababu vishanga vinarudisha mwanga kwa aliyeutuma. Ukiishikia tochi kiunoni hutaona kitu cha maana. Kibao kizuri kinawaka kizima, na herufi zinabaki mashimo meusi yenye kingo kali. Kiputo cha hewa kinaonekana kama doa lililofifia. Kidole kilichoteleza usoni kinaonekana pia.

Kikiwa na doa hakitoki. Anakikata kwa mkasi wa bati vipande vinne, akipitisha mkasi katikati ya herufi, anaandika daftarini namba na sababu, na vipande vinahesabiwa kabla ya kutupwa kwenye debe lenye kufuli. Hasara ni yake. Katika kazi hii kibao kibovu kina hatari kuliko kizuri, maana kina namba ya kweli na hakina gari. Duniani wamehangaika na wizi wa namba kwa njia nyingi. Wajerumani walimpa msanifu Karlgeorg Hoefer kazi ya kubuni herufi zisizogeuzika, P isiweze kufanywa R kwa kipande cha utepe mweusi. Kenya, ambako vibao kwa miaka mingi vimetengenezwa na wafungwa wa Kamiti, ilizindua vipya vyenye alama za usalama mwaka 2022. Mwanga kuna daftari, mkasi na debe, na mtu anayekumbuka kufunga.

Mteja wa mwisho siku niliyokaa muda mrefu zaidi alikuwa kijana wa bodaboda mwenye pikipiki mpya, plastiki ya kiwandani ikiwa bado kwenye kiti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kadi."

Aliitoa. Wakati inasomwa mbele na nyuma, akasogea. "Mzee, huwezi kunifanyia zile za 3D? Zile nene, zinavimba. Pikipiki inapendeza."

"Trafiki watakukamata wewe, na kesho watakuja hapa kuniuliza mimi. Kaa."

Akakaa. Vumbi likatulizwa, karatasi ikalazwa, kalibu zikapangwa, mpini ukagoma na kuachiwa. Kibao kilipotoka kwenye rola, kijana wa bodaboda alikipokea akakigeuza, akatafuta la kusema, akakosa. Kilikuwa sawasawa na cha kila mtu. Fundi alikitoboa kwa drili matundu mawili, akakifunga nyuma ya pikipiki kwa skrubu, akakijaribu kwa kidole kama kinacheza. Halafu akachuchumaa mbele ya madigadi ya nyuma, nyeusi, tupu, akaifuta kwa kiganja.

"Hapa sasa unataka nini?"

Kijana akacheka. "Niandikie Dua la Mama. Kwa nyekundu."

"Nyekundu jua la huku linaipausha. Tutaweka njano yenye kivuli cha buluu. Iache, uje saa kumi."

"Saa kumi mbali, mzee. Nina abiria."

"Basi njoo Ijumaa."

Kijana akafikiri kidogo, akampa ufunguo, akaondoka kwa miguu.